Mshenga wa Chuo

Simu ya chuo ilipoingia, Bi Zabibu alikuwa na pini nne mdomoni, kwa hiyo hakusema kitu. Alisikiliza. Yasmin alisimama dirishani na simu sikioni, anaitikia kwa Kiingereza: ndiyo, asante, Jumamosi ni sawa, mkahawa wa Rosebank ni sawa. Bi Zabibu akamaliza kubana pindo la dera la mteja, akazitoa pini moja moja mdomoni, akasema mtoto wake haonwi mkahawani.

Yasmin akafunika simu kwa kiganja. "Mama, ni mahojiano tu."

"Na yawe. Anayetaka kumhoji mtoto anamfuata alipo."

Hivyo ndivyo ilivyopangwa kwamba mwanamke wa chuo aje Yeoville, ghorofa ya pili, juu ya saluni ya Célestine, Jumamosi ya mwisho ya Januari 2018, saa nne asubuhi.

Chuo chenyewe kilikuwa Marekani, mahali penye theluji, na kilikuwa na jina refu la mtu aliyekufa zamani. Yasmin alikigundua kwenye kompyuta ya maktaba. Vyuo vya hapa mjini vilimtaka alipe kama mgeni, ingawa aliletwa Johannesburg akiwa na miaka mitatu na Kizulu chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake. Hicho cha theluji kilisema kikimchukua mtu kinambeba mzima, na nauli juu. Bi Zabibu hakuamini habari ya nauli, lakini hilo hakuligombania. Alichouliza ni kitu kimoja tu.

"Unakwenda kusomea nini?"

"Kila kitu, Mama. Ni chuo cha namna hiyo. Mwaka wa kwanza unasoma nyota, historia, hesabu, kuchora, falsafa. Mwaka wa pili ndiyo unachagua."

"Kwa hiyo hujui unakwenda kusomea nini."

"Bado."

"Na wao wanajua?"

"Hapana."

"Basi mko sawa," Bi Zabibu alisema, akarudi kwenye cherehani.

Yeye mwenyewe alisoma madarasa saba Tanga, na katika hayo saba hakuambiwa achague. Fomu za chuo alizitazama zikijazwa wiki nzima mezani pake, kati ya mikasi na vitambaa, bila kuingilia. Aliingilia mara moja tu, siku aliyosikia kwamba Yasmin ametakiwa aandike habari za maisha yake, na kwamba ameandika habari za kifo cha baba yake. Selemani alikufa mwaka 2011 kwa maradhi ya figo. Bi Zabibu akauliza ni maneno mangapi. Yasmin akasema yasizidi mia sita na hamsini. Bi Zabibu akauliza baba yake alitosha vipi humo.

"Nilimpunguza, Mama."

"Ulimpunguza wapi?"

"Pale alipokuwa mkali."

Bi Zabibu alifikiri, akasema basi hapo atakuwa ametosha.

Sasa mtu wa chuo alikuwa anakuja nyumbani. Bi Zabibu akamwambia Yasmin amweleze taratibu, asiruke jambo, anakuja kufanya nini. Yasmin akaeleza. Mwanamke huyo aliwahi kusoma chuoni hapo. Sasa anaishi mtaa wa Observatory, hapo mlimani tu, anafanya kazi ya sheria. Chuo hakiwezi kutuma wakubwa wake dunia nzima, kwa hiyo humtuma yeye. Atamtazama Yasmin, atamuuliza maswali, ataona kama wanafaana, kisha atawaandikia waliomtuma, na wao ndio watakaoamua.

Bi Zabibu hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mtu hutumwa na watu wasioonekana, anakuja nyumbani kwenu, anamtazama mtoto wenu wa kike, anakunywa kahawa, anarudisha habari. Mtu wa namna hiyo Bi Zabibu alimjua toka utotoni, na jina lake ni mshenga. Siku hiyo hiyo, baada ya swala ya alasiri, akavaa buibui, akaenda kumwita Mzee Shehe.

Mzee Shehe alikuwa binamu wa marehemu Selemani, mpishi wa karamu za msikitini, na kwa watu wa Tanga waliokuwa Yeoville yeye ndiye aliyekuwa akisimama kwenye posa. Alikuwa amewajibia mabinti kumi na mmoja. Ndoa tisa kati ya hizo zilikuwa zingali zimesimama, na zile mbili alisema kosa halikuwa kwenye maneno. Alipoelezwa kwamba safari hii anayeposa ni chuo, aliuliza kama chuo ni cha kheri. Bi Zabibu akasema kina maktaba ya ghorofa tano. Mzee Shehe akasema atakuja.

Jumamosi ikafika. Bi Zabibu alifukiza udi, akafunika cherehani kwa kitambaa cha kufuma, akapanga haluwa, sambusa na mkate wa kumimina kwenye sinia. Alikuwa amekusudia Yasmin akae chumba cha ndani mpaka aitwe, kama inavyotakiwa. Yasmin akasema, kwa sauti ya mtu anayejizuia, kwamba anayehojiwa ni yeye.

"Na tena Mzee Shehe hajui Kiingereza. Nani atatafsiri?"

Hilo lilikuwa kweli. Ikakubaliwa akae sebuleni, kwenye kigoda karibu na mlango wa ndani, awe ndani na nje kwa pamoja.

Mwanamke wa chuo aliitwa Lindelwa. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, suruali imepigwa pasi vizuri, daftari jeusi mkononi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akamwamkia Bi Zabibu kwa kumwita Mama, na Bi Zabibu akaliona hilo na kuliweka moyoni. Mzee Shehe akamkaribisha, akamsalia Mtume, akamshukuru Mungu aliyewakutanisha, akauliza habari za safari, akauliza wazee wa chuo hawajambo. Yasmin akatafsiri. Lindelwa akasema kwa anavyojua hawajambo.

Kisha akafungua daftari, akamgeukia Yasmin, akamwomba aeleze kidogo habari zake.

Yasmin akamtazama Mzee Shehe. Si kwamba alitaka. Shingo ilikwenda yenyewe. Kalelewa kwamba mbele ya wakubwa mtu hajisimulii. Na Mzee Shehe, aliyekuwa akingojea hapo tu, akakohoa kidogo, akasema kama alivyosema kwa mabinti wote kumi na mmoja:

"Huyu mtoto wetu hana analolijua. Chai akiiweka motoni inaungua. Akishika kitabu, hata ukimwita kwa jina la baba yake hasikii. Mkimchukua mtakuwa mmejitwika mzigo, nasi tunawaambia mapema ili kesho pasiwe na lawama."

Alisema kwa upole mkubwa. Yalikuwa maneno ya heshima. Mtu anayemsifu binti yake mbele ya mposaji hana tofauti na anayenadi mtumba sokoni. Lindelwa alingoja tafsiri, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

"Anasema napenda kusoma," Yasmin alisema.

Bi Zabibu alikijua Kiingereza cha dukani, na cha dukani kilitosha kuona kwamba maneno mengi yameingia na machache yametoka. Akamwongeza mgeni kahawa.

Maswali yakaendelea hivyo kwa karibu saa nzima. Lindelwa akamuuliza Yasmin ni kitabu gani kilichombadilisha mawazo, na hapo Yasmin akasahau kigoda na mlango, akazungumza kwa mikono yake yote miwili, na Lindelwa akaacha kuandika akawa anasikiliza tu. Bi Zabibu hakuelewa nusu yake. Alimtazama mtoto na kuona kwamba uso ule hajauona siku nyingi, tangu Selemani alipokuwa akimbeba mabegani kwenda naye sokoni.

Kisha Lindelwa akauliza Yasmin ataleta nini chuoni kwao. Mzee Shehe akataka kujua kimeulizwa nini, akaambiwa, akamtazama Bi Zabibu kwa mshangao.

"Kwetu anayeomba ndiye anayeleta," alisema. "Mwambie hivyo, kwa adabu."

"Anasema nitaleta bidii," Yasmin alisema.

Na hilo pia Bi Zabibu akaliachia lipite.

La mwisho hakuliachia. Lindelwa alikuwa ameshafunga daftari, kalamu imo kati ya kurasa. Akatabasamu, akauliza kama mtu anayeuliza tu kukamilisha: chuo kikimpa nafasi, je, atakuja?

Yasmin alikuwa ameshafungua mdomo. Alikuwa ameshafika kwenye herufi ya kwanza.

"Hapana," Bi Zabibu alisema, kwa Kiingereza chake mwenyewe, pole pole, ili lisikosewe. "Bado. Tutazungumza kwanza. Tutawajibu."

Mzee Shehe hakujua maneno lakini aliijua sauti, akaitikia kwa kichwa. Lindelwa akawatazama wote watatu. Akafungua daftari tena, akaandika mistari miwili, akafunga. Akashukuru kwa kahawa. Kipande cha mkate wa kumimina alichofungiwa akakichukua kwa mikono miwili, akaacha kadi yake mezani, akavaa viatu, akaondoka.

Bi Zabibu alikuwa na sababu yake. Dada yake Ummi, kule Tanga, aliposwa wakati baba yao yuko na haraka ya safari, na jibu likatolewa siku ile ile, washenga wakiwa bado wamekaa. Ni miaka thelathini sasa. Mpaka leo mume wa Ummi akikasirika humwambia, "Kwenu walinikabidhi wewe kabla washenga hawajamaliza kahawa." Bi Zabibu aliapa kwamba mtoto wake hatakabidhiwa kabla ya mtu kumaliza kahawa, na asingejali anayeposa ana maktaba ya ghorofa ngapi.

Alimweleza Yasmin hayo jioni, wakati wakikunja vitambaa. Yasmin alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, wale hawarudi mara ya pili," alisema.

"Wakitaka watarudi."

"Wana watoto maelfu wanaowataka."

"Na sisi tuna mmoja," Bi Zabibu alisema, akadhani mazungumzo yamekwisha.

Célestine hakudhani hivyo. Alikuwa mwanamke wa Bukavu, msusi, na dirisha la saluni yake lilitazama ngazi, kwa hiyo hapakuwa na mgeni wa jengo lile asiyepimwa naye. Siku ya pili alipanda juu kuazima mkasi, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mama Yasmin, ule mwanamke wa jana alikuja kuomba mtoto, ama alikuja kuomba kazi? Alishuka ngazi kama mutu amenyimwa."

Bi Zabibu akasema hakunyimwa, ameambiwa atajibiwa. Célestine akauliza atajibiwa lini. Bi Zabibu akasema wakishauriana. Célestine akauliza nani na nani wanashauriana, maana Mzee Shehe amemwona asubuhi ananunua vitunguu vya msikiti bila wasiwasi wowote. Bi Zabibu akampa mkasi.

Februari ikapita. Machi ikapita karibu yote. Kisha jibu la chuo likaja kwenye simu ya Yasmin, siku ya Ijumaa, na Yasmin akalisoma amesimama. Chuo hakikumkubali, wala hakikumkataa. Kilimweka kwenye orodha ya kungojea. Kilisema kimevutiwa naye sana, ila nafasi ni chache, na huenda ikapatikana nyingine baadaye, na huenda isipatikane.

"Ndiyo wanashauriana," Bi Zabibu alisema. Kwa kweli alikiheshimu chuo zaidi.

Yasmin akaweka simu mezani. Hakulia. Alizungumza taratibu, kama mtu anayesoma kilichoandikwa mbali.

"Mama. Wanapochagua, hawapendi kumpa nafasi mtu ambaye hataki kuja. Wanauliza ili wajue. Aliuliza, na wewe ukamwambia hapana. Kwa Kiingereza."

"Nilisema bado."

"Ulisema hapana, halafu ukasema bado."

Bi Zabibu akaona Yasmin anasema kweli. Yasmin akaenda chumbani akafunga mlango, bila kuubamiza, na kwa siku nne alikuwa akizungumza naye kuhusu chumvi na funguo tu.

Siku hizo nne Bi Zabibu alishona nguo tatu na kufumua moja. Alikuwa mtu wa kutazama mambo mpaka yamalizike kujionyesha, na sasa akajitazama mwenyewe. Baada ya swala ya isha alibaki kwenye mswala akajiuliza bila kuzunguka: siku ile alilizuia jibu kwa ajili ya Ummi, au kwa sababu nyingine. Kulikuwa na Ummi, hilo halikuwa uongo. Lakini kulikuwa pia na uso wa Yasmin alipokuwa akisimulia kitabu kile, uso wa mtu ambaye ameshaondoka, na nyumba hii ya vyumba viwili ikabaki na cherehani. Alikuwa amewaambia watu kwamba atashauriana, na toka siku ile hakushauriana na mtu. Alikuwa ameliweka jibu mahali na kulikalia. Akamwomba Mungu msamaha, akakunja mswala, akalala.

Asubuhi aliona kilichobaki, na kilikuwa chepesi kukijua, kwa kuwa utaratibu wake upo. Upande wa mwanamume ukishaambiwa mtajibiwa, haurudi tena kuuliza. Kurudi ni aibu. Wanakaa kwao wanangoja. Wa kutoka ni upande wa binti. Chuo kilikuwa kimekaa kwao miezi miwili kinangoja, na yeye alikuwa amekaa kwake anakilaumu.

Akaichukua ile kadi, akampigia Lindelwa yeye mwenyewe. Alisema jina lake, akasema Jumamosi, akasema saa nne. Lindelwa akasema karibu.

Walikwenda kwa miguu, yeye na Mzee Shehe, maana Observatory ni kupanda tu kutoka Yeoville. Bi Zabibu alibeba bakuli kubwa la pilau, limefungwa kwa kitambaa. Mzee Shehe alivaa kanzu yake ya posa. Alisimama mara tatu njiani ili, kwa maneno yake, kuutazama mji. Kwenye lango mlinzi aliwauliza kama wameleta chakula cha kuagiza. Bi Zabibu akasema wameleta jibu. Mlinzi akapiga simu ndani.

Lindelwa aliwakalisha kwenye baraza la nyuma, akaleta chai. Mzee Shehe akaanza kwa kumsalia Mtume, akaendelea kwa kumshukuru Mungu aliyewakutanisha, akafika kwenye habari za wazee wa chuo, na Lindelwa alikuwa akimtazama kwa heshima bila kuelewa neno. Bi Zabibu akaona wakifuata njia hiyo watafika adhuhuri. Akaweka kikombe chini.

"Uliuliza," alisema kwa Kiingereza. "Nikasema tutajibu. Leo tumekuja kujibu. Jibu ni ndiyo."

Lindelwa akauliza, kwa tahadhari, kama siku ile hawakuwa wamekataa.

Bi Zabibu hakuwa na Yasmin wa kumsaidia. Alikusanya maneno aliyokuwa nayo, ya kuuzia dera na kununulia nyuzi, akayapanga moja moja. Mtu akija kumtaka binti, siku ya kwanza hakuna ndiyo. Ndiyo ya siku ya kwanza ni kama mama amechoka na mtoto. Mimi sijachoka na mtoto.

Lindelwa akaweka kikombe chake chini pia. Akageuza uso, akatazama ukuta wa jirani, akaanza kusema, na alisema polepole ili Bi Zabibu amfuate. Watu wa mumewe walipokuja kwao Soweto kuzungumza habari ya mahari, ambayo kwao ndiyo lobola, wajomba zake waliwaacha nje ya lango toka saa mbili asubuhi mpaka karibu saa sita. Mvua ilikuwa inanyesha. Wajomba walikuwa ndani wanakula maandazi, wanawatazama kupitia pazia.

"Na wewe ulikuwa wapi?" Bi Zabibu aliuliza.

"Chumbani. Nimeshavaa."

Bi Zabibu akamtafsiria Mzee Shehe. Mzee Shehe akauliza kama lango lilikuwa na paa. Lindelwa akasema halikuwa na paa. Mzee Shehe akasema hao wajomba ni watu wanaojua kazi.

"Nilikuwa na daftari," Lindelwa alisema, kama anayejieleza mwenyewe. "Nikawa nawaza chuo tu. Niliandika kwamba familia haiko tayari."

"Uliandika kweli," Bi Zabibu alisema.

Lindelwa hakuahidi kitu, na Bi Zabibu alimpenda kwa hilo. Alisema uamuzi si wake. Atawaandikia tena, aeleze alichokuwa hakukielewa. Lakini chuo kitataka kusikia kwa Yasmin mwenyewe, barua, kwa maneno yake, kwamba akipewa nafasi atakuja. Barua hiyo asiiandike mtu mwingine, wala asimjibie mtu mwingine. Aliposema hayo alimtazama Mzee Shehe, kwa heshima.

Bi Zabibu alirudi nyumbani akamkuta Yasmin anapiga pasi. Akavua buibui, akatungika, akakaa.

"Nimepeleka jibu Observatory," alisema. "Sasa andika la kwako."

Pasi ikasimama. "Umepeleka jibu gani?"

"Unauliza kana kwamba hukuwepo siku ile. Jibu ni ndiyo."

Yasmin akachomoa waya wa pasi ukutani. Akakaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kupimwa.

"Kwa miguu?"

"Mzee Shehe alipenda kuutazama mji."

Barua iliandikwa siku hiyo hiyo. Bi Zabibu hakuulizia ni maneno mangapi, wala hakuomba isomwe. Alishona.

Aprili ikapita. Baridi ikaanza kushuka, ile ya Johannesburg inayopita chini ya mlango. Ramadhani ikaingia katikati ya Mei. Siku ya kumi na moja ya mfungo, Lindelwa akapanda ngazi za saluni, mkononi ana bakuli la Bi Zabibu. Bakuli la watu kwao pia halirudishwi tupu. Ndani yake, limekunjwa na kusukumizwa mpaka likaingia, mlikuwa na koti. Lilikuwa zito, la kijani, lenye kufika magotini. Alisema ndilo alilovaa miaka minne huko kwenye theluji, na kwamba habari hana, chuo hakijasema kitu, ila koti hapa halina kazi. Hakukaa, kwa kuwa aliona wamefunga.

Yasmin alinyoosha mkono. Bi Zabibu alikuwa ameshalichukua.

"Halivaliwi. Safari haijulikani."

"Mama, ni koti tu. Kuna baridi."

"Vaa sweta."

Akalichunguza mishono kwa jicho la fundi, akakuta imetulia, isipokuwa kitufe cha pili kilikuwa kimelegea. Akakikaza kwa uzi wa mkono, mara mbili, akalitundika nyuma ya mlango. Likakaa hapo. Célestine alipolikuta aliuliza ni la nani, akaambiwa bado si la mtu. Akasema, "Sasa munafuga koti."

Siku ya ishirini na saba ya mfungo, kiasi cha robo saa kabla ya magharibi, Bi Zabibu alikuwa anakoroga uji na Yasmin anapanga tende kwenye sahani. Simu ikalia juu ya meza. Yasmin akajifuta vidole, akasoma. Akasoma tena toka juu.

"Mama. Wamenikubali."

"Wamekubali, au wanashauriana?"

"Wamekubali. Na nauli. Wanataka nijibu ndani ya siku tatu."

"Siku tatu za nini?"

"Za kufikiri. Nizungumze na nyumbani kwanza."

Bi Zabibu akapunguza moto. "Ni watu wenye adabu," alisema.

Yasmin alikuwa amesimama na simu mkononi, kidole gumba kiko juu yake, lakini hakishuki. Alikuwa anamtazama mama yake. Hapakuwa na mzaha usoni mwake, au kama ulikuwepo ulikuwa mdogo.

"Nijibu leo, au tuwaache kidogo?"

Bi Zabibu akamfikiria Ummi na kahawa ile. Akatazama vyumba vyake viwili. Uji ulikuwa umeanza kushika.

"Jibu sasa."

"Watasema tulikuwa tunangojea."

"Tulikuwa tunangojea," Bi Zabibu alisema.

Yasmin akabonyeza. Hapakusikika kitu. Muda si mrefu adhana ikatoka kwenye ile ile simu, wakafungua kwa tende, wakanywa uji, na upepo ukapita chini ya mlango ukatikisa pindo la koti. Bi Zabibu akainuka kabla ya kwenda kuswali, akaliangua, akamletea.

"Vaa," alisema. "Kitufe cha pili nimekikaza."